Watuonyeshe walivyohakiki

Ndugu Mhariri,

Jana kwenye daladala ya Mbagala watu walibishana: Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ikisema kiongozi ni safi, tuamini? Kondakta alicheka tu.

Kamishna wake huteuliwa na Rais, hivyo minong'ono haikosi, hata awe mwadilifu kuliko sisi sote. Ila nakumbuka 2015, Baraza la Maadili lilipokaa ukumbi wa Karimjee kusikiliza mashauri ya viongozi waliotuhumiwa kupokea mgawo wa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Maswali na majibu yalitolewa hadharani. Aliyepinga alijua anapinga nini.

Fomu ambazo viongozi hutaja mali zao hurejeshwa kwa Sekretarieti kabla ya mwaka kwisha. Baada ya uhakiki, tuelezwe nyumba zipi zilikaguliwa na kilichokutwa. Neno "safi" peke yake halitoshi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam