Babu na udi wake

Mhariri,

Babu yangu, aliyetufundisha kupiga udi, ala ya nyuzi ya taarabu, barazani kwetu Langoni, Lamu, tumemzika Ijumaa baada ya swala. Ada hakutaka, ukija na kashata, yatosha. Udi wake ulikuwa na nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa peke yake, na hakukuachia upige wimbo mpaka uzilinganishe kwa sikio, macho umeyafumba. Wiki ya kwanza nililia. Akaushika mkono wangu, akanionyesha kuishika risha, ile ya kupigia nyuzi, kilegevu, "kama umeshika kifaranga."

UNESCO iliutia Mji Mkongwe wetu katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta twazitunza. Walimu kama yeye je? Nawaomba wenye uwezo wawarekodi wazee wa taarabu wangali hai. Mimi ninazo dakika nne tu za Babu, kwenye simu, na nusu yake anakohoa.

Mjukuu wake,
Lamu