Boti za doria zinunuliwe pamoja na vipuri vyake

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa bajeti za ulinzi kupungua na ununuzi wa zana mpya. Bajeti ikibanwa, mishahara na pensheni haviguswi. Panga hupita kwenye fungu la maendeleo, kisha mafuta na vipuri. Kwetu sisi wa Ziwa Victoria, linalogawanywa na nchi tatu, hapo pa mwisho ndipo penye hatari zaidi.

Injini ya boti ya doria hutaka oili mpya kila baada ya saa 100 hivi za kazi. Magugu maji yakiziba tundu la kuvutia maji ya kupozea, impela ya pampu, yaani kigurudumu kinachosukuma maji hayo, huzunguka kavu, mapezi yake ya mpira hukatika na injini huchemka. Impela ni kipuri cha bei ndogo mno. Injini iliyoungua ni hasara kubwa, na doria husimama.

Napendekeza kila mkataba wa ununuzi ubebe gharama za vipuri na mafunzo ya mafundi kwa miaka 10, na fungu hilo lisihamishwe. Fedha zikitosha boti nne badala ya sita, zinunuliwe nne, zote za injini ya aina moja, ili kipuri kilichopo Mwanza kifae pia Musoma na Bukoba.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza