Barua ya wazi kwa wanangu mnaokokotoa vishada vya boroni

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa nimeudhika. Majuzi mmoja wenu aliniletea kishada cha boroni, yaani kundi dogo la atomi za boroni zilizoungana, akasema ni cha aromatiki, yaani elektroni zake zimeenea kishada kizima na kukituliza. Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha namba moja ya NICS, kipimo cha kompyuta ambacho kikiwa hasi huashiria aromatiki; yake ilikuwa hasi tena kubwa. Nikamwambia, "Haya, nihesabie elektroni zake." Kimya. Nikafungua matokeo yake: kwenye orodha ya masafa ya mtetemo, namba ya kwanza kabisa ilikuwa hasi. Umbo lile halikuwa limetulia. Lilikuwa njiani tu kugeuka umbo jingine. Miezi ya kazi, na mstari ule hakuna aliyeusoma, si yeye wala msimamizi wake.

Tulikaa na karatasi. Nikampa B₉⁻, lile gurudumu lenye atomi moja katikati na nane ukingoni. Kila boroni ina elektroni 3 za nje, hizo 27. Chaji hasi inaongeza 1, jumla 28. Ukingoni kuna bondi nane za kawaida, kila moja ikitumia elektroni 2 kati ya majirani wawili: zimekwenda 16. Zimebaki 12. Sita ni za pai (juu na chini ya bapa la gurudumu), sita ni za sigma (ndani ya bapa lenyewe), na zote zimeenea gurudumu zima. Kanuni ya Hückel, kwamba aromatiki huwa na elektroni 4n+2 zilizoenea, inatimia mara mbili, n ikiwa 1. Benzini, ile pete mashuhuri ya kaboni sita, pamoja na sifa zake zote, ina sita za pai tu zilizoenea hivyo. Kijana alirudia hesabu mwenyewe, na nikaona uso wake unachangamka. Kwa nini hakuna aliyempa furaha ile mapema?

NICS siikatai. Tangu Schleyer na wenzake walipoileta mwaka 1996 imetusaidia sana. Lakini inapima kinga ya sumaku kwenye nukta uliyoichagua wewe. Isogeze nukta, namba inabadilika, na bondi zilizo karibu nazo huchangia.

Mengine mnayajua: tafuteni maumbo mengi, si lile zuri tu, jaribuni singleti (elektroni zote zikiwa jozi) na tripleti (mbili zikiwa hazina jozi), linganisheni na spektra za maabara pale zilipo. B₈₀ ilitabiriwa mwaka 2007 kuwa mpira kama wa C₆₀, ule wa atomi 60 za kaboni, ikapendwa mno, kisha hesabu zilizofuata zikapata maumbo yenye nishati ya chini zaidi.

Nasi wazee tunastahili lawama. Tunawauliza mmechapisha makala ngapi kabla ya kuwauliza mmeelewa nini, halafu tunashangaa mkikimbilia kitufe cha programu. Wasimamizi wenzangu, someni matokeo ya wanafunzi wenu, mstari kwa mstari.

Ninyi wanangu, leo zimeni kompyuta kwa nusu saa. Chukueni B₈²⁻, atomi saba zikizunguka moja, elektroni 26 za nje. Anzeni na bondi za ukingoni, kisha mniandikie mmebakiwa na ngapi, na mmezigawa vipi.