Kwa swahiba wangu wa sikio la kushoto

Swahiba wangu,

Salamu sana. Mimi mzima, hofu kwako. Dhumuni la barua hii, kama tulivyofundishwa kuandika darasani, ni kukujulia hali, lakini wewe na mimi tunajua nimekuja kugombana. Nilikutumia albamu nzima ya From Zero, ya Linkin Park, lile kundi la roki la Marekani, ukanirudishia mstari mmoja: “Linkin Park ilizikwa 2017, hao wengine siwajui.” Nimeona nisikujibu kwa simu, maana kwenye simu hunikatiza. Hapa itabidi univumilie mpaka mwisho.

Kwanza nikiri. Hata mimi niliisusa. Septemba 5, 2024 walipojitokeza na wimbo mpya na mwimbaji mpya, niliona picha ya Emily Armstrong amesimama pale mbele, nikazima. Si kwa sababu ni mwanamke. Hata angekuwa malaika ningezima. Shida ilikuwa pale aliposimama.

Unakumbuka bwenini, spika mbili za masikioni kwenye waya mmoja, ya kushoto yako na ya kulia yangu, taa zimezimwa, kila mmoja amebana pumzi ili mwalimu wa zamu asisikie? Hivi karibuni nimegundua jambo. Katika muziki wa namna ile gitaa hurekodiwa mara mbili, moja likapelekwa upande huu na la pili upande ule, ndiyo maana linajaa kama ukuta. Maana yake ni kwamba miaka yote ile wewe ulikuwa na gitaa lako na mimi langu. Tulikuwa tukibishana kuhusu nyimbo ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzisikia nzima! Sauti ya mwimbaji huwekwa katikati, ikagawiwa masikio yote mawili sawasawa. Chester Bennington, mwimbaji wao wa enzi zile, ndiye tuliyekuwa naye sote wawili. Kwa hiyo naelewa kwa nini huwezi kumsikiliza mtu mwingine mahali pale. Naelewa sana.

Ila umesahau kitu kimoja, na wewe ndiye uliyeniambia mwenyewe zamani. Chester naye alikalia kiti cha mtu. Kundi lile lilianza 1996 huko California kwa jina la Xero, husomwa “Zero”, yaani sifuri, na mwimbaji wake alikuwa Mark Wakefield. Alipoondoka ndipo wakamtafuta kijana wa Arizona, wakampelekea kanda, naye akaacha sherehe yake ya kuzaliwa ya miaka 23 akaenda studio kurekodi majaribio. Xero ikawa Hybrid Theory, kisha Linkin Park. Hilo jina la From Zero, basi, si la kujitapa kwamba wameanza upya na kufuta yaliyopita. Ni jina lao la utotoni, na mwanzoni kabisa mwa albamu utamsikia Emily akishtukia maana hiyo, kama mgeni anayeelezwa picha ya ukutani.

Halafu kama utasema wamefanya haraka, wamefanya haraka gani? Chester alifariki Julai 20, 2017, akiwa na miaka 41. Oktoba mwaka huohuo walipomkumbuka pale Hollywood Bowl, uwanja wa maonyesho wa Los Angeles, ilipofika zamu ya wimbo wa Numb hawakumpa mtu yeyote aiimbe. Kipaza sauti kilisimama peke yake kwenye mwanga, watu waliojaa uwanjani wakaimba. Mike Shinoda, mwimbaji mwenzake kundini, akaenda kulia peke yake, 2018 akatoa Post Traumatic, albamu ambayo siwezi kuisikiliza mara mbili kwa mwezi. Baada ya hapo, hakuna albamu mpya ya kundi hadi Novemba 15, 2024. Miaka 7 na ushei. Mimi na wewe tumewahi kuanua matanga mapema kuliko hapo, tena ya watu wa damu yetu.

Sasa nikueleze nilivyoingia. Wimbo ule wa kwanza, The Emptiness Machine, nilidhani utaanza na huyo dada anapiga mayowe ili tujue amefika. Sivyo. Anaanza Mike, peke yake, kwa sauti ya kawaida tu tunayoijua, anamaliza ubeti, anamaliza kiitikio. Ubeti wa pili ndipo Emily anapoingia. Mwenyeji ametoka barazani kwanza, amekusalimia, amekuketisha, ndipo akamwita mgeni. Nilirudia kipande kile nikajikuta nimevua viatu, nimekaa sakafuni.

Sauti yake ina changarawe. Huyu anatoka Dead Sara, kundi la roki la Los Angeles, na amezoea kuimba bila kubembeleza. Hamuigi Chester, na hilo ndilo lililonilegeza moyo. Chester alikuwa akiruka kutoka mnong’ono hadi ukelele bila kukanyaga ngazi za katikati. Emily anapanda ngazi moja moja, unamsikia akichoka njiani, na akifika juu kama katika Heavy Is the Crown, ule ukelele wake ni mrefu hadi wewe unayesikiliza ndiye unayeishiwa pumzi.

Na mchanganyiko wao upo palepale. Joe Hahn bado anakwaruza santuri. Katika Two Faced, wimbo wa yule ndumilakuwili, amezikwaruza kana kwamba mwaka bado ni 2000. Mike bado anafokafoka. Casualty ni fujo tupu, kelele za vijana wa gereji, hata Mike naye anakwaruza koo humo. Nilicheka kwa furaha. Ukitoka hapo unatupwa kwenye Overflow, ambao ni kinyume chake: mdundo unatembea polepole, kinanda kimetanda kama ukungu, besi inatetemesha kifua, Mike anazungumza zaidi ya kuimba, na Emily anaelea juu yake. Humo hakuna anayekimbilia kiitikio. Kama ningekuwa na uwezo wa kuwaamuru, ningewaambia watengeneze albamu nzima ya namna ile. Ndipo mahali pekee waliposahau kuangalia nyuma.

Maana lawama ninazo, usidhani nimelewa. Albamu kama ilivyotoka 2024 ina nyimbo 11, na mmoja wao ni kile kipande kifupi cha kufungulia. Jumla ni dakika 32 hivi. Hujakaa vizuri, imekwisha. Kuna mahali unasikia wanajikumbusha wenyewe kwamba ni Linkin Park: hapa harufu ya Meteora, albamu yao ya 2003, pale ya Minutes to Midnight ya 2007, kama mtu anayeonyesha kitambulisho bila kuulizwa. Wimbo wa Stained huwa nauruka. Na mashairi yao yamekuwa ya “wewe” na “mimi” tu, umenidanganya, nimechoka nawe, na hujui “wewe” huyo ni nani, mpenzi, rafiki, au sisi mashabiki tuliowakalia kooni. Mara nyingine najiambia ni sisi. Rob Bourdon, mpiga ngoma tuliyemwigiza kwa vijiko, hayumo tena kundini. Aliyeketi pale ni Colin Brittain, ambaye pia amesaidia kuitayarisha albamu, na ngoma zake ni safi, safi mno kwa ladha yangu. Brad Delson, mpiga gitaa, yumo kwenye rekodi lakini jukwaani hapandi nao.

Wa mwisho ni Good Things Go. Hapo naomba usiuweke ukiwa na watu. Ni mtu anayekiri kwamba amekuwa mgumu kukaa naye, kwamba humsukuma anayemsogelea, na kwamba mara nyingine mabaya hukaa mahali pa mazuri. Mike na Emily wanapokezana mzigo uleule. Hakuna jina la Chester humo na sidhani limefichwa. Lakini nilipousikia nilikumbuka jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulizungumza.

Mei 19, 2017 ilipotoka One More Light, tuliicheka. Ulisema wamekuwa laini, nikaongeza kwamba ni muziki wa kupigia watoto usingizi, tukaandikiana vichekesho kuhusu ile albamu wiki nzima. Hatukuifikisha mwisho. Mtu alikuwa anasema ndani yake, wazi kabisa, bila mayowe, kwamba mambo ni mazito, na sisi tulikuwa tunangoja mayowe. Miezi miwili baadaye ukanipigia usiku, hukusema kitu kwa muda mrefu, nikajua. Tulipokuja kuisikiliza yote, ilikuwa baada ya habari ile.

Sikulaumu peke yako, nilikuwepo. Ninachosema ni kwamba safari ile tulihukumu albamu ambayo hatukuisikia, na naona unataka tuirudie ile ile.

Basi fanya hivi. Usianze na zile walizozitoa mapema kuitangaza. Hizo zimetengenezwa kukuvuta na wewe hupendi kuvutwa. Anza na Overflow, kisha Casualty, kisha urudi mwanzo uende moja kwa moja mpaka Good Things Go. Masikio yote mawili, tafadhali. Ukiona haikufai, niandikie kwa urefu, si mstari mmoja, unitukane ukitaka. Kuhusu Stained najua tutakubaliana, na kuhusu ngoma utabisha kwa sababu tu mimi nimesema.

Wasalimie wa nyumbani. Nitakupigia Jumapili jioni, na usiniambie umesikiliza kama hujasikiliza. Nitakuuliza Emily anaingia ubeti wa ngapi, na jibu nililokupa humu halihesabiki.

Wako,
wa sikio la kulia