Nimepungua kilo 47, mbona jioni zangu zimekuwa tupu?

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeiandika kichwani wiki nyingi, na kila nikishika kalamu naona haya. Jambo ninalokuja kukulilia nililitafuta mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Niliomba, nikapimwa, nikasubiri zamu yangu, nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na umefanikiwa. Mtu aliyepata alichokiomba anaanzaje kulalamika?

Huu ni mwezi wa 16 tangu nitoke chumba cha upasuaji. Niliingia nikiwa na kilo 128, leo nina 81. Nilikuwa na kisukari aina ya 2; sukari imerudi kwenye kiwango cha kawaida na daktari ameniachisha vidonge, ingawa bado ananipima. Usiku nilikuwa nakatika pumzi usingizini hadi mume wangu ananitikisa kwa hofu. Sasa nalala hadi asubuhi, naye analala. Napanda ngazi huku naongea. Nakutangulizia haya, Shangazi, ili usinione mtovu wa shukrani. Ningeambiwa nirudi nyuma nichague upya, ningechagua upasuaji uleule.

Shida yangu inaanza kila siku saa kumi na mbili jioni.

Zamani saa hiyo ndiyo niliyokuwa naishi kwa ajili yake. Kazini kukiwa na karaha, najiambia jioni itafika. Dada yangu mkubwa anapitia kwangu akitoka kazini, tunaingia jikoni, huyu anamenya, yule anakoroga, tunaonja kutoka sufuriani kabla chakula hakijaiva, na maneno yote ya siku yanamalizikia hapo. Tumezikana na kuozana mle jikoni, kwa namna ya kusema. Alipofariki mama, sisi wawili hatukulia msibani. Tulilia wiki mbili baadaye, tumesimama mbele ya jiko, vijiko mkononi.

Sasa dada haji. Nilipomuuliza alisema, "Nikija nile nini mbele yako, mdogo wangu? Naona kama nakutesa." Na mimi sikuwa na jibu, maana kukaa mezani na watu kumekuwa kazi. Natafuna tonge moja mpaka lilainike kabisa, naweka kijiko chini, nasubiri. Protini kwanza, vingine baadaye. Maji siruhusiwi kunywa pamoja na chakula, hadi ipite nusu saa. Nikizidisha tonge moja tu, kifua kinabana nalazimika kuinuka. Wenzangu wanaanza kunogewa, mimi nimeshamaliza, nimekaa na kisahani changu nikiangalia vinywa vya watu.

Kabla ya upasuaji daktari alinieleza vizuri. Aliniambia wataondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo la chakula, na kwamba sehemu ya juu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni iitwayo ghrelini, ile inayoupelekea ubongo habari kwamba njaa imefika. Kwa hiyo njaa ingepungua, hasa mwanzoni. Nilifurahi mno! Njaa ilikuwa adui yangu tangu utotoni. Ambacho hakuna aliyeniambia, na pengine hawakukijua, ni kwamba njaa ikiondoka itaondoka na kungojea. Mimi siku nzima nilikuwa mtu wa kungojea kitu kitamu mbele yangu, na huko kungojea ndiko kulikonivusha asubuhi na mchana. Sasa nakula kwa kutazama saa, kama mtu anayemeza dawa.

Mwaka wa kwanza sikuligundua pengo hili, kwa sababu mzani ulinipa kitu kingine cha kungojea. Kila Jumatatu namba imeshuka. Kila mwezi nguo inapwaya. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa mafungu, nikaogopa, lakini walikuwa wamenionya na kweli zimeota tena. Hata hilo nililibeba kwa moyo mwepesi kwa sababu safari ilikuwa inaendelea. Kisha mzani ukasimama. Nilishaambiwa kwamba kwa wengi uzito hutulia kati ya mwezi wa 12 na wa 18, kwa hiyo si ajabu wala si kosa. Ila Jumatatu yangu ya mwisho yenye habari njema imepita, na siku iliyofuata niliamka nikajiuliza: sasa leo ni ya nini?

Kuna na jambo la watu. Kazini yupo mwenzetu ambaye kwa miaka sita alinipita kwenye korido bila salamu. Siku hizi ananifungulia mlango, anauliza nimeamkaje. Wengine wanafurahi nikisifiwa. Mimi nashikwa na hasira mpaka mikono inatetemeka. Namkumbuka yule mwanamke wa kilo 128. Alikuwa mcheshi, alikuwa mchapakazi, alimuuguza mama yake hadi mwisho, na hakustahili hata salamu? Wakati mwingine namlilia kama ndugu aliyekufa, na aliyemzika ni mimi.

Mwili wenyewe bado sijauzoea. Nikifika mlangoni nageuka upande ili nipite, wakati nafasi ipo tele. Dukani mkono unakwenda kwenye nguo za saizi ya zamani. Ngozi ya tumbo na ya mikono imelegea inaning'inia, na mume wangu akinigusa nazima taa kwanza. Yeye ni mtu mwema, Shangazi, sitaki umfikirie vibaya. Ila nikijaribu kumweleza ninavyojisikia ananiambia, "Si ndicho ulichotaka? Mshukuru Mungu." Basi namshukuru Mungu, na maongezi yanaishia hapo.

Sasa nikuambie lile lililonifanya niandike leo badala ya mwezi ujao.

Miezi mitatu iliyopita tulikuwa na sherehe, nikapewa divai. Nikanywa nusu glasi. Baada ya upasuaji kama wangu pombe huingia kwenye damu haraka kuliko zamani, na kidogo kinatosha kumlewesha mtu. Ile nusu glasi ilinijaza joto, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu jioni ikawa jioni. Nikacheka na watu. Wiki iliyofuata nikanunua chupa. Mwanzo ilikuwa Jumamosi tu, sasa ni jioni nne kwa wiki, na glasi si nusu tena. Chupa naiweka nyuma ya unga, mahali ambapo mume wangu hafiki. Na katika haya yote kinachoniogopesha zaidi ni kwamba nimeanza kuingojea. Mchana kazini najiambia jioni itafika, maneno yaleyale ya zamani.

Nilionywa kuhusu hili pia. Daktari alisema wapo ambao, chakula kikishaacha kuwa kimbilio, huhamia kwenye pombe, na kwamba hatari hiyo huonekana zaidi kuanzia mwaka wa pili. Nilitikisa kichwa kama vile anamzungumzia mtu mwingine, kwa sababu mimi sikuwa mnywaji. Huu ndio mwaka wangu wa pili.

Siwazi kujidhuru, nakuambia waziwazi ili usilale na hofu. Ila nina uzito ambao mzani hauuoni. Na kliniki hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikienda wananipima kilo, wanatoa damu, wanaangalia vitamini B12, madini ya chuma, vitamini D, wananikumbusha kwamba vidonge vya vitamini ni vya maisha yote. Wananiuliza, "Hujambo?" Nami najibu sijambo, nachukua tarehe nyingine, naondoka. Kosa ni langu pia. Nimebeba picha ya mgonjwa wao wa mfano, na naogopa nikifungua mdomo wataona nimeiharibu zawadi waliyonipa.

Nimejaribu njia zangu. Kutembea jioni kulinisaidia sana wakati nilikuwa natembea na jirani yangu. Alipohama nikaendelea peke yangu siku tano, ya sita sikutoka. Nilianza kufuma, nikaacha katikati. Nilipanga ratiba ya mambo ya furaha kwenye daftari, na kila nilipoitekeleza nilijikuta najikagua kama nimefurahi.

Halafu Alhamisi iliyopita dada alikuwa na shughuli, akaniachia mwanawe wa miaka mitano. Akataka tucheze kujificha. Nikaingia chini ya kitanda. Nilipolala pale kwenye vumbi, shavu sakafuni, ndipo nilipotambua kwamba katika utu uzima wangu wote sijawahi kuweza kuingia chini ya kitanda. Nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka, akaniona kwa ajili ya kicheko hicho, akapiga kelele, tukagaagaa wote wawili. Usiku ule sikuikumbuka chupa hata kidogo. Niliikumbuka kesho yake, mtoto alipokwisha kurudi kwao.

Nimeutafakari sana mchezo ule. Hapakuwa na chakula, hapakuwa na mzani, wala hapakuwa na mtu wa kunisifia. Nataka siku zangu ziwe na kitu cha aina hiyo, kidogo tu, hata robo saa, lakini sijui kinaanzia wapi kwa mtu mzima ambaye tangu utoto furaha yake ilipita mdomoni. Wewe umesikiliza watu wengi. Je, watu hukipata wapi?

Naomba unishauri na haya mengine. Dada nimwambieje kwamba ninachokikosa ni yeye na jikoni letu, na kwamba aje apike, aonje na kula mbele yangu, sitaumia? Nahofu ataona namfariji tu. Mume wangu nimwonyeshe ile chupa mwenyewe kabla hajaikuta, au nianze na daktari? Na mshauri wa mambo ya moyo na akili, je, ni sawa kumwomba sasa, miezi 16 imepita, au huwa ni wa watu wanaojiandaa kwa upasuaji tu?

Tarehe yangu ya kliniki ni wiki tatu kutoka leo. Nimejiapiza kwamba safari hii wakiniuliza hujambo sitajibu sijambo. Lakini kila nikijizoeza mbele ya kioo, neno linalotoka ni lilelile. Nisaidie sentensi ya kwanza, Shangazi. Nyingine nitazitafuta nikiwa nimeshaketi mbele ya daktari.

Usitaje jina langu, tafadhali.

Ni mimi mpwa wako,
Msomaji wa siku nyingi