Marhamu ya pilipili inawasha, ndiyo. Endelea kupaka

Sisi tunaotengeneza marhamu hii, malalamiko tunayopata ni yale yale: "Nimepaka siku mbili, goti linawasha tu na maumivu yako pale pale. Mmekula hela yangu." Mteja wa karibuni karudisha kopo karibu limejaa, akaongeza kwamba pilipili kavu na mafuta anavyo jikoni, hivyo tusimlipishe ujinga.

Haya. Kinachofanya kazi humo ni kapsaisini, kile kinachoipa pilipili ukali. Inaamsha kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, kile kile kinachoamshwa na joto la nyuzi 43 hivi za Selsiasi, ndiyo maana unahisi moto wakati ngozi haijaungua. Mwanasayansi Mmarekani David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997. Mwaka 2021 akawa mmoja wa washindi wawili wa Nobeli ya tiba. Neva ikiamshwa tena na tena hupoa, ikapunguza kupeleka habari za maumivu. Hilo haliji ndani ya siku mbili. Paka kidogo, mara tatu au nne kwa siku, majuma mawili hadi manne bila kuruka. Anayepaka siku goti likimsumbua tu anaambulia muwasho.

Sasa hiyo ya jikoni. Marhamu za kawaida zina kapsaisini asilimia 0.025 hadi 0.075. Ipo plasta ya asilimia 8, ila hiyo hubandikwa na wahudumu wa afya, kwa maumivu ya neva kama yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Wewe na kinu chako utajuaje umefika ngapi? Pilipili hazilingani ukali, na watu hung'ang'ania mbegu wakati kapsaisini imejazana kwenye ile nyama nyeupe inayozishika. Sisi tunaloweka kwenye alkoholi, tunachuja, tunaivukiza, tunapima kila mkupuo kabla ya kuchanganya. Uliozidi nguvu hautoki. Bei ni ya kazi hiyo. Pilipili yenyewe ni rahisi.

Kuna aliyejitengenezea, akapaka, akafunga bendeji, kisha akaoga maji ya moto. Malengelenge, na matibabu yaliyogharimu kuliko makopo yetu kadhaa. Mwingine alinawa kwa maji matupu akaenda kuvua lenzi za macho! Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji: futa kwa mafuta kwanza, halafu sabuni.

Wala hatujasema inarudisha goti lililosagika. Inatuliza maumivu, basi. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, nawe una homa, usije kwetu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.