Sauti ya laptopu imepotea baada ya sasisho la usalama? Usikimbilie draiva ya zamani

Wateja wanaotuletea kompyuta isiyotoa sauti huanza maelezo kwa namna moja: jana ilikuwa nzima, usiku ikaapdeti, asubuhi haisemi. Ombi linalofuata mara nyingi ni "naomba muitoe hiyo apdeti." Tunalielewa. Mwalimu ana kipindi mtandaoni, kijana ana usaili kwa Zoom saa nane mchana, mtu anataka sauti yake irudi, basi. Hata hivyo, hapa kwetu kutoa sasisho la usalama, au kurudisha draiva ya zamani, hakuwi hatua ya kwanza, na tungependa ujue sababu kabla hujamwachia mtu yeyote mashine yako, tukiwemo sisi.

Draiva ya sauti ni programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na chipu ya sauti. Watu huiona kama kitu kidogo kisicho na madhara: itadhuru nini zaidi ya spika? Lakini hufanya kazi kwa ruhusa kubwa ndani ya mfumo, tena mara nyingi huja na programu nyingine ndogondogo zinazowaka kila unapoingia kwenye Windows. Tundu la usalama, yaani kasoro inayoweza kumpa mtu mwingine njia ya kukuingilia, likitokea humo, halidhuru spika. Linakudhuru wewe.

Mfano tunaowapa wateja ni wa mwaka 2017. Mwezi Mei mwaka huo, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Uswisi iitwayo modzero ilitangaza kwamba draiva za sauti za Conexant, kampuni ya chipu za sauti, zilizokuwa katika kompyuta nyingi za HP zilikuwa zikinasa kila kitufe ambacho mtumiaji alibonyeza. Ndani ya draiva hizo kulikuwa na programu ndogo, MicTray64, ambayo kazi yake ilikuwa kutambua pale mtu anapobonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni. Ili ikitambue hicho kimoja, ilifuatilia vyote. Toleo lake la 1.0.0.46 likawa linaviandika katika faili liitwalo MicTray.log, ndani ya folda C:\Users\Public, folda ambayo kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo anaweza kuifungua. Nywila za benki, barua pepe, ujumbe kwa mwenzi wako, vyote vilipita humo. Faili lilianza upya kila mtu alipoingia kwenye Windows, lakini aliyekuwa na mazoea mazuri ya kuhifadhi nakala za diski yake alikuwa analihifadhi na hilo bila kujua. Watafiti hawakuona dalili kwamba jambo hilo lilikusudiwa. HP ilieleza kuwa ni msimbo wa kutafutia hitilafu ambao haukupaswa kubaki kwenye bidhaa, ikatoa draiva mpya kupitia Windows Update na tovuti yake. Katika kumbukumbu za usalama tundu hilo ni CVE-2017-8360.

Hiyo si habari ya zamani iliyokwisha. Katika orodha ya mashine zilizoguswa zimo EliteBook 820 G3, 840 G3 na 850 G3, ProBook 430 G3, 440 G3 na 450 G3, pamoja na 640 G2 na 650 G2. Yeyote aliyewahi kutafuta laptopu iliyotumika Dar es Salaam au Nairobi anazijua. Zilitoka maofisini Ulaya na Marekani, sasa ziko mikononi mwa wanafunzi, wahasibu na wenye maduka ya kuchapisha. Ni mashine imara na tunazipenda. Shida huja pale sauti inapokatika, halafu mtu anachomeka flashi yenye rundo la draiva za mwaka 2016 na kubonyeza ya kwanza inayokubali. Sauti inarudi, mteja anafurahi, analipa na kuondoka. Tundu nalo limerudi, na hakuna aliyemwambia.

Kama una mojawapo ya mashine hizo, fanya hivi leo. Fungua File Explorer, andika C:\Users\Public kwenye upau wa juu, bonyeza Enter. Angalia kama kuna faili la MicTray.log. Kama lipo, angalia ukubwa wake, kisha andika sentensi mbili tatu kwenye Notepad na uliangalie tena. Likiwa linakua kadiri unavyoandika, mashine yako inatumia draiva yenye kasoro. Ukilifungua hutaona maneno yako yaliyonyooka, utaona mistari ya namba, kila kitufe na namba yake, lakini mwenye jedwali la namba hizo anayasoma yote. Weka draiva mpya kutoka HP, futa faili hilo, kisha ubadilishe nywila zako ukianzia na ya barua pepe. Kuwepo kwa MicTray64 peke yake si ushahidi wa tatizo. Faili linalokua ndilo la kuangalia.

Sasa turudi kwenye sauti yenyewe.

Mashine nyingi zinazofika mezani kwetu na malalamiko haya hazina tatizo la draiva hata kidogo. Sasisho limebadilisha mahali sauti inapoelekezwa. Kama huwa unachomeka skrini ya nje au televisheni kwa HDMI, Windows huweza kuamua baada ya kuapdeti kwamba sauti ipelekwe huko, na spika zako zikabaki kimya ingawa ni nzima kabisa. Bonyeza alama ya spika pembeni kulia chini, fungua orodha ya vifaa vya sauti, chagua spika za kompyuta. Katika HP nyingi angalia pia kitufe cha kunyamazisha: taa yake ikiwaka rangi ya chungwa, sauti imezimwa kwa kitufe.

Kisha iwashe mashine upya, lakini kwa Restart, si kwa Shut down. Tunalisisitiza hili kwa sababu wateja hutuambia "nimeshaizima na kuiwasha mara nyingi," na wanasema kweli. Katika Windows 10 na 11 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ambacho katika mashine nyingi huwa kimewashwa tangu mwanzo. Ukibonyeza Shut down, Windows haijifungi yote: inahifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski, draiva zikiwemo, na ukiwasha inaendelea palepale. Draiva iliyokwama usiku inaamka ikiwa imekwama vilevile. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Hiyo peke yake hurudisha sauti kwa watu wengi, na hainunuliwi.

Bado kimya? Bonyeza kulia kwenye alama ya Windows na ufungue Device Manager, yaani orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Watu wengi, mafundi wakiwemo, huenda moja kwa moja kwenye sehemu ya vifaa vya sauti kutafuta jina la chipu ya sauti, Realtek au Conexant, wasipoiona wanasema chipu imekufa. Subiri kwanza. Katika laptopu nyingi zenye prosesa za Intel, chipu ya sauti haijaunganishwa na Windows moja kwa moja. Inapitia kifaa kingine kinachoitwa Intel Smart Sound Technology, ambacho kimeorodheshwa mbali na hapo, chini ya System devices. Hicho kikikwama, Realtek inapotea yote kwenye orodha, na Windows inakwambia hakuna kifaa cha sauti kilichowekwa. Ukiweka draiva ya Realtek mara kumi haitasaidia, kwa sababu mlango wake umefungwa mbele.

Hilo lilitokea kwa watu wengi Oktoba 2018. Windows Update ilituma kimakosa draiva ya Intel Smart Sound toleo 09.21.00.3755 kwa kompyuta ambazo haikuwa yake, sauti ikakatika. Microsoft yenyewe ikatoa sasisho namba KB4468550 la kuiondoa draiva hiyo. Kwa hiyo mteja anayesema "apdeti ndiyo imeharibu" hakosei kila mara. Masasisho huwa na makosa. Januari 2025 ilitokea tena kwa namna nyingine: baada ya masasisho ya usalama ya mwezi huo, baadhi ya vifaa vya sauti vya nje vya USB, hasa vile wanavyotumia watu wa studio na redio, viligoma na kuonyesha Code 10. Spika za ndani zikawa nzima, kifaa cha nje ndicho kikawa kimya, na baadaye Microsoft ikarekebisha.

Namba hizo za Code zina maana, tafadhali zisome kabla hujatupigia simu. Bonyeza mara mbili kifaa chenye alama ya njano na usome maandishi ya chini. Code 10 ni kifaa kimeshindwa kuanza. Code 22 ni kwamba kimezimwa tu, kiwashe. Code 28 ni kwamba hakina draiva. Code 52 ni kwamba Windows haikuweza kuthibitisha saini ya draiva, yaani alama ya kidijitali inayoonyesha imetoka kwa nani, na hapo ndipo pa kuwa makini kuliko pote. Mitandaoni utaelekezwa kuzima ukaguzi wa saini ili draiva ikubali. Usifanye. Vivyo hivyo ukiona ujumbe kwamba draiva haiwezi kupakiwa kwa sababu ya Memory integrity, kinga ya Windows dhidi ya draiva zisizo salama. Tangu toleo la 2022 la Windows 11, orodha ya draiva zinazojulikana kuwa na matundu huzuiwa bila wewe kuomba. Kuna watu huizima kinga hiyo ili wapate sauti, na hakuna anayekumbuka kuiwasha tena. Tafuta draiva mpya zaidi inayokubalika, si namna ya kuingiza iliyokataliwa.

Kuna njia ya katikati ambayo tunaipenda na ni salama. Kama una kikao baada ya dakika ishirini, bonyeza kulia kifaa cha sauti, chagua kusasisha draiva, kisha kuitafuta kwenye kompyuta yako, kisha kuchagua kutoka kwenye orodha, na uchukue ile iitwayo High Definition Audio Device. Ni draiva ya Microsoft yenyewe, imo ndani ya Windows, haihitaji bando. Huenda besi ikapungua au vitufe vya pembeni visifanye kazi vizuri, lakini utasikika na utasikia. Baada ya kikao utafute draiva kamili kwa utulivu.

Na bando lina sehemu yake kwenye tatizo hili. Wengi wetu tunatumia hotspot ya simu, na tumeiwekea Windows alama kwamba mtandao huu una kikomo ili isile data. Ni busara, ila Windows ina mpangilio wa kutopakua draiva kwenye mtandao wa aina hiyo. Unaweza kukuta sasisho moja limeingia na draiva inayotakiwa kwenda nalo haijashuka. Nenda mahali penye Wi-Fi isiyo na kikomo, fungua Windows Update, angalia sehemu ya Optional updates. Mara nyingi draiva ya sauti inakusubiri humo.

Je, kurudisha draiva iliyotangulia ni kosa daima? Hapana. Kitufe cha Roll Back Driver kimewekwa kwa kazi hiyo, na draiva mpya ikiwa ndiyo mbovu, kama ile ya 2018, tunakitumia. Ila kwanza tunasoma mtengenezaji anasema nini kuhusu toleo tunalolirudia. Kama liliondolewa sokoni kwa sababu ya usalama, halirudi kwenye mashine ya mteja wetu, hata akitusihi. Tutampa draiva ya Microsoft kwa muda, au spika ndogo ya USB, mpaka lipatikane toleo salama.

Draiva ichukuliwe kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa modeli yako halisi. Kwenye HP bonyeza Fn pamoja na Esc uone jina kamili na namba ya bidhaa. Usiamini kibandiko cha nje peke yake, laptopu zilizotumika wakati mwingine zimebadilishwa ubao au kava. Programu zinazojitangaza kusasisha draiva zako zote kwa mbofyo mmoja ziache kabisa, hata ya bure.

Wenye EliteBook na ProBook za G3 kuna jambo la ziada. Mashine hizo zina prosesa za Intel za kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Baadhi ya wateja wameshawekewa Windows 11 kwa njia ya kuruka masharti. Inafanya kazi, lakini HP haikuandaa draiva za Windows 11 kwa mashine hizo, na sauti ni mojawapo ya vitu vinavyoyumba. Ukituletea mashine ya namna hiyo tutaitengeneza, na tutakwambia wazi kipi tunaweza kukihakikisha na kipi hatuwezi.

Ukija dukani, njoo na chaja yako na earphone unayoitumia, kwa sababu tunajaribu spika, tundu la earphone na maikrofoni kila kimoja peke yake. Kama umeona namba ya Code, ipige picha. Tukiingia Windows Update tutafungua ukurasa wa Update history ukiwa umekaa hapo, tuone pamoja ni sasisho lipi liliingia na tarehe gani. Hatufuti Windows bila ruhusa yako ya maandishi, na tatizo la sauti karibu kamwe halihitaji hivyo. Ukiondoka utapewa karatasi yenye jina la draiva tuliyoiweka, toleo lake na tulikoipata, ili fundi mwingine yeyote atakayeifungua mashine hiyo ajue pa kuanzia.